Taarifa ya mtoto aliye kizuizini isilale mezani



Katika kila ofisi ya Serikali zipo kazi zinazosifiwa, na zipo kazi zisizoonekana mpaka siku zinapoharibika. Kazi ya kupokea taarifa na kuzifikisha zinakotakiwa ni mojawapo ya hizo za pili. Hakimu akitoa uamuzi wa busara hutajwa. Askari akimkamata mwizi wa mifugo hupongezwa. Lakini yule aliyekesha karibu na simu, akaandika jina, akauliza umri, akamtafuta Ofisa Ustawi wa Jamii, akahakikisha kwamba mzazi aliye kijijini amepata habari kabla ya kupambazuka, huyo hatajwi na mtu. Na siku asipotimiza wajibu huo, anayeumia si yeye, ni mtoto.

Mazungumzo haya yanahusu kazi hiyo, yaani kazi ya upokezi na upelekaji wa taarifa za watoto walio mikononi mwa vyombo vya dola. Inafanywa katika meza ya mbele ya kituo cha polisi, katika Dawati la Jinsia na Watoto, katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, katika masjala ya mahakama na katika mahabusu ya watoto. Mara nyingi hukabidhiwa mtumishi wa cheo cha chini, tena bila maelekezo ya kutosha. Lakini haki zote ambazo sheria imempa mtoto hupita katika mikono ya mtumishi huyo. Akizembea, sheria hubaki maandishi.

Hapana budi kwanza kukumbushana sheria yenyewe inasema nini. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya watoto na vijana iliyotungwa mwaka 1937. Kwa mujibu wa sheria hii mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Akishitakiwa, shauri lake lisikilizwe na Mahakama ya Watoto, kwa faragha na kwa utaratibu usiomtisha. Ofisa Ustawi wa Jamii awepo, na mzazi au ndugu wa karibu awe na haki ya kuwepo. Akiwa kizuizini asichanganywe na watu wazima. Akipatikana na hatia asihukumiwe kifungo cha gerezani, bali zitumike njia nyingine za kumrekebisha, na inapolazimu apelekwe katika shule ya maadilisho. Kanuni za Utaratibu wa Mahakama ya Watoto za mwaka 2016 ziliongeza ufafanuzi wa namna ya kuyatekeleza hayo.

Sheria hiyo ni nzuri. Lakini atazamaye kwa makini ataona kwamba kila kipengele chake kinasimama juu ya taarifa. Mzazi hawezi kuwepo mahakamani kama hakuambiwa kwamba mwanawe amekamatwa. Ofisa Ustawi wa Jamii hawezi kuandaa maelezo ya hali ya nyumbani kwa mtoto ambaye hajui kama yupo. Hakimu hawezi kukaa kama Mahakama ya Watoto ikiwa aliyeletwa mbele yake ameandikwa katika hati ya mashitaka kuwa ana miaka 19. Mkuu wa kituo hawezi kumtenga mtoto na watu wazima ikiwa daftari halionyeshi kwamba huyo ni mtoto. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua mahali wanakoshikiliwa watoto na kuchapisha taarifa yake mwaka 2011, ilikuta watoto wakiwa wamechanganywa na watu wazima. Sheria wakati huo ilikwisha kuwepo kwa miaka miwili. Kilichopungua si kifungu cha sheria, bali utendaji.

Sasa na itazamwe hali ya Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, baada ya kutengwa na Mkoa wa Shinyanga, na makao makuu yake yakawa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Kutoka fukwe za Ziwa Viktoria huko Busega hadi mbuga za Meatu ni safari ndefu, na wakati wa masika baadhi ya njia za vijijini hukatika kwa maji. Wananchi wake wengi ni wakulima wa pamba na wafugaji. Watoto wa kiume huanza kuchunga ng'ombe wakiwa wadogo, na malisho huwapeleka mbali na nyumbani.

Mahabusu za watoto ambazo nchi imekuwa nazo kwa miaka mingi ni zile za Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Shule ya Maadilisho ya Irambo iko Mbeya. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo karibu na Bariadi. Maana yake ni kwamba mtoto wa Simiyu anapozuiwa, ama anashikiliwa mahali pasipojengwa kwa ajili yake, ama anasafirishwa hadi upande mwingine wa nchi ambako lugha ya nyumbani kwake haisikiki na ambako mama yake hawezi kufika kwa nauli ya mkulima. Katika hali hiyo taarifa ndiyo kamba pekee inayomuunganisha mtoto na kwao.

Chukua mfano. Mtoto mchunga ng'ombe amekamatwa pamoja na watu wazima, wakiwa wameingiza mifugo ndani ya Pori la Akiba la Maswa. Jioni taarifa inapigwa kwa simu: "Kulwa amekamatwa Maswa, mwambieni baba yake." Aliyeipokea anaandika hivyo hivyo, na aliye kijijini anapelekewa hivyo hivyo. Baba anauza mbuzi, anapanda basi alfajiri, anakwenda mji wa Maswa. Huko polisi wanafungua daftari, hawaoni jina. Na hawawezi kuliona, kwa sababu Pori la Akiba la Maswa liko mashariki, likipakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mbali na mji wa Maswa. Na mtoto amepelekwa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu. Baba anarudi nyumbani jioni akiwa hana fedha wala habari. Mtoto anafikishwa mahakamani bila ndugu, anaulizwa umri, anajibu kwa woga kwamba hajui. Hakuna aliyetenda kwa nia mbaya. Neno moja tu halikufafanuliwa.

Tena jina lenyewe halikutosha. Usukumani watoto hupewa majina kwa kufuata namna walivyozaliwa. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, na aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Ni majina yenye maana na heshima, lakini kwa sababu hiyo hiyo yamejaa katika kila kijiji. Taarifa inayomtaja Kulwa bila jina la baba na la babu, bila kitongoji na bila shule anayosoma, ni sawa na taarifa isiyomtaja mtu. Majina ya mahali nayo yana mtego wake. Mwandoya, Mwanhuzi, Mwamishali, Mwamapalala: yote yanaanza kwa sauti moja, na katika simu inayokatikakatika sikio huchukua lile linalolifahamu. Mtumishi anayejua kazi yake hamalizi kusikia jina kama hilo bila kutaka litajwe herufi kwa herufi, na bila kuuliza ni wilaya gani na kata gani.

Zamani kazi hii ilikuwa na nidhamu yake. Katika siku za simu ya upepo, mpokeaji aliandika neno kwa neno, akamsomea mpelekaji yale aliyoyaandika, akasubiri kuambiwa kwamba ni sawa, akaandika saa, akatia sahihi. Chombo kilikuwa kigumu, sauti ilijaa mikwaruzo, na ndiyo sababu watu walijifunza kutokuamini masikio yao peke yake. Leo simu ya mkononi imo katika kila mfuko, sauti ni safi, na nidhamu hiyo imelegea. Taarifa rasmi ya Serikali hupigwa kwa simu binafsi ya ofisa, kwa salio lake mwenyewe, na haiandikwi popote. Ofisa huyo akihamishwa, akienda likizo, au betri yake ikiisha, kumbukumbu ya mtoto huondoka pamoja naye.

Limezuka pia jambo lingine ambalo sharti likemewe. Picha ya mtoto aliyekamatwa hupigwa kwa simu na kutumwa katika makundi ya mazungumzo, eti ili ndugu zake wapatikane kwa haraka. Picha hiyo ikishatoka hairudi. Mtoto ambaye huenda hana hatia hubaki mwizi machoni pa kijiji kizima na darasani kwake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1985 kuhusu mashauri ya watoto, zinazojulikana kama Kanuni za Beijing, zinakataza kuchapishwa kwa habari zinazoweza kumtambulisha mtoto anayetuhumiwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu juu ya kila anayeshika taarifa za watu. Kufikisha taarifa ni kumwambia anayehusika. Kuitangaza kwa wasiohusika ni kosa jingine juu ya kosa.

Je, taarifa iliyo kamili ina nini ndani yake? Jibu halihitaji utaalamu wa ajabu. Kanuni hizo za Beijing zinataka mzazi au mlezi ajulishwe mara moja mtoto anapokamatwa, na isipowezekana mara moja, basi katika muda mfupi iwezekanavyo. Kanuni nyingine za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa mwaka 1990 kwa ajili ya kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zinataka kila mahali wanaposhikiliwa pawe na daftari lenye utambulisho wa mtoto, sababu ya kushikiliwa na mamlaka iliyoamuru, siku na saa ya kupokelewa, ya kuhamishwa na ya kuachiwa, pamoja na maelezo ya namna wazazi walivyojulishwa. Kanuni hizo zinataka pia kwamba mtoto anapohamishwa, anapougua au anapoachiwa, familia iambiwe. Kwa hiyo taarifa kamili inajibu maswali haya: Ni nani? Ana umri gani, na umethibitishwa na nini? Yuko wapi hasa? Kwa sababu gani? Nani ameamuru? Tangu saa ngapi? Nani kwao ameambiwa, na amejibu nini?

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Watumishi wengi huhesabu kwamba wametimiza wajibu pale wanapotuma ujumbe. Kutuma si kufikisha. Barua iliyowekwa mezani kwa ofisa aliyesafiri haijafika. Simu iliyopigwa mara tatu bila kupokelewa haijafika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inahesabu saa 24 kuwa muda wa kawaida wa kumfikisha mbele ya mahakama mtu aliyekamatwa bila hati. Katika saa hizo mtumishi wa zamu hana nafasi ya kusema kwamba atafuatilia wiki ijayo. Sharti ajue nani wa kumtafuta wa pili kama wa kwanza hapatikani, na nani wa tatu kama wa pili hapatikani. Kama Ofisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yuko safarini, yupo msaidizi wake. Kama baba hana simu, yupo Mtendaji wa Kijiji, yupo mwenyekiti wa kitongoji, yupo mwalimu.

Na hapa ndipo walimu wanapohusika moja kwa moja. Watoto wengi wa vijijini wamekua bila cheti cha kuzaliwa. Mpango wa kuwasajili walio chini ya umri wa miaka mitano kwa kutumia simu za mkononi, ulioanzia mkoani Mbeya mwaka 2013, umepunguza tatizo hilo kwa kizazi kipya, lakini wale waliozaliwa kabla yake wengi hawana karatasi mkononi. Kwa mtoto kama huyo, rejista ya shule ndiyo shahidi wa umri wake. Mwaka wa kuandikishwa darasa la kwanza, jina kamili la mzazi, kitongoji anachotoka: yote yamo katika kabati la mwalimu mkuu. Simu moja kutoka kituo cha polisi kwenda shuleni yaweza kumtoa mtoto katika chumba cha watu wazima usiku huo huo. Lakini shule ambayo rejista zake zimeliwa na mchwa, au ambayo mwalimu mkuu anaona kwamba mambo ya polisi hayamhusu, imemnyima mtoto ushahidi ambao hakuna mwingine awezaye kuutoa. Hali kadhalika mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza kuona kwamba kiti fulani kimekuwa kitupu kwa siku tatu. Hilo nalo ni taarifa, na lina mahali pa kupelekwa.

Nchi hii ina mfano mzuri wa kuigwa katika Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo. Mpokeaji wa simu hiyo hatakiwi kuwa na bunduki wala gari. Silaha yake ni kusikiliza, kuandika na kumpeleka mwenye shida kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri husika. Lakini mfano huo huo unaonyesha pia udhaifu wa mnyororo mzima. Hata simu ikipokelewa vizuri namna gani mjini, msaada wa mtoto wa Lagangabilili unategemea kama mtumishi aliye Itilima atainua simu yake, atajibu, na atakwenda.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kuwadekeza wahalifu wadogo wakati wananchi wanalia kwa kuibiwa. Hoja hiyo isipuuzwe, kwa maana aliyeibiwa naye ni mwananchi mwenye haki. Lakini ni nani anayefaidika mtoto anapopotea ndani ya mahabusu? Si aliyeibiwa, kwa sababu mzazi ambaye angeweza kulipa fidia hakujulishwa. Si kijiji, kwa sababu mtoto aliyelala na wahalifu wazoefu hurudi na elimu mbaya kuliko aliyoondoka nayo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Anayemkunja hapana budi awe mzazi, mwalimu na ofisa aliyesomea kazi hiyo, na hao hawawezi kumkunja wasiyejua aliko.

Wengine watasema hakuna watumishi wa kutosha, hakuna magari, hakuna mafuta. Ni kweli kwamba upungufu upo. Lakini daftari lenye mistari halihitaji mafuta. Orodha ya namba za simu iliyobandikwa ukutani na kusahihishwa kila mwezi haihitaji gari. Kumsomea mpelekaji taarifa aliyoitoa hakuhitaji bajeti. Ni vyema kudai vifaa. Si vyema kuufanya upungufu wa vifaa kuwa mto wa kulalia uzembe.

Wananchi wa Usukuma wenyewe wanaijua kazi hii tangu zamani. Ng'ombe wakiibwa usiku, mwano hupigwa. Kijiji cha kwanza hupokea, cha pili hupokea kutoka cha kwanza, na kabla ya alfajiri njia zote zimezibwa. Katika miaka ya 1980, wakati sungusungu walipoenea katika sehemu hizi, utaratibu huo wa kupokezana sauti ndio uliowapa nguvu. Hakuna aliyesema kwamba zamu yake imekwisha, wala kwamba ng'ombe si wake. Ikiwa jamii yaweza kupokezana habari za ng'ombe usiku kucha bila karatasi wala mshahara, Serikali yenye ofisi, simu na posho haina udhuru wa kupoteza habari za mtoto kati ya meza moja na nyingine.

Haki pia imtendee mtumishi anayefanya kazi hii. Yeye ndiye hutukanwa na mzazi mwenye uchungu, hukaripiwa na mkubwa aliyeamshwa usiku, na hulaumiwa kwa habari mbaya ambazo hakuzisababisha. Mjumbe hauawi. Wakuu wa idara wana wajibu wa kumpa maelekezo yaliyoandikwa, zamu zinazojulikana, simu ya ofisi yenye salio, na mamlaka ya kumwamsha mtu yeyote ambaye sheria inataka aambiwe. Mtumishi anayeogopa kumpigia simu mkuu wake saa nane za usiku hawezi kumlinda mtoto. Na mkuu anayekasirika kwa kuamshwa kwa ajili hiyo asahihishwe, maana cheo ni dhamana.

Yanayotakiwa basi si makubwa. Kila kituo na kila halmashauri iwe na daftari moja la taarifa za watoto, lisomwe na mkuu wa kazi kila asubuhi. Kila taarifa iandikwe, isomwe tena, itiwe saa na sahihi, na isifungwe mpaka jibu la mzazi au mlezi limeandikwa mbele yake. Kila shule itunze rejista zake na imteue mwalimu wa kuulizwa. Kila mtoto anapohamishwa, taarifa imtangulie anakokwenda na nakala ibaki alikotoka.

Usiku huu, katika kituo fulani cha wilaya, huenda simu italia, na mtu wa zamu atasikia jina la mtoto na jina la kijiji. Ataweza kujibu kwamba amesikia, akaendelea na mazungumzo yake. Au ataweza kuvuta daftari, akachukua kalamu, akauliza: mtoto wa nani, wa kitongoji gani, ana miaka mingapi, na kwao nani ameambiwa? Hapo ndipo Sheria ya Mtoto huanza kufanya kazi, au hushindwa.